Tumbili wa Gitaru, au Kwa Nini Taa Huzimika

Siku ya Jumanne, tarehe 7 Juni 2016, saa 5 na dakika 29 za asubuhi, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kilichoko katika mto Tana. Kutoka pale paani akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mashine nyingine za kituo kile zikaelemewa na mzigo uliozidi nguvu zao, nazo zikajizima. Na megawati zaidi ya 180 zikapotea kwa ghafla. Basi nchi nzima ya Kenya ikakosa umeme. Mahali pengine taa zilirudi upesi, pengine watu walingoja zaidi ya saa 3. Yule tumbili hakufa. Alitoka mzima, akachukuliwa na watu wa Shirika la Wanyamapori.

Habari hii ilienea duniani kote, na watu wakacheka. Huenda nawe, msomaji, umecheka sasa hivi, wala sikulaumu. Lakini ukiisha kucheka, nakuomba ukae kitako ujiulize swali moja: Je, yawezekana mnyama ambaye mtoto wa darasa la tatu aweza kumbeba mikononi, awe ndiye sababu ya kutosha ya kuizimia taa nchi ya mamilioni ya watu?

Wewe unayesoma historia umekwisha kufundishwa kwamba sababu ni za namna mbili: iko sababu iliyo karibu, na iko sababu iliyo mbali. Risasi iliyopigwa Sarajevo mwaka 1914 ilikuwa sababu iliyo karibu ya Vita Kuu ya Kwanza. Lakini hapana mwalimu atakayekupa alama zote ukiandika kwamba vita vile vilitokana na risasi ile tu, bila kutaja majeshi yaliyokuwa yamejiandaa na mikataba iliyokuwa imeyafunga mataifa pamoja. Tumbili wa Gitaru ni kama risasi ile. Tukitaka kuijua sababu iliyo mbali, yatupasa kurudi nyuma miaka mingi.

Umeme ulipoanza kuuzwa katika nchi hii, mwanzoni mwa karne ya ishirini, kampuni ya Mombasa ilikuwa na mashine zake, na ya Nairobi ilikuwa na zake. Mwaka 1922 kampuni hizo mbili ziliungana kwa jina la East African Power and Lighting, lakini kuungana huko kulikuwa kwa daftari na fedha. Nyaya zilikuwa bado mbalimbali. Mashine ya Mombasa ikiharibika, Mombasa ilikaa gizani na Nairobi haikuwa na habari. Kila mji ulikuwa kama mtu anayekula chungu chake mwenyewe: akipungukiwa hana wa kumwazima, lakini pia jirani akiunguza chakula, yeye halali njaa.

Baadaye nyaya zikaanza kuunganisha nchi. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alifungua kituo cha Owen Falls, huko Jinja, Uganda, na kabla ya miaka ya 1950 kwisha, nyaya zilikuwa zimevutwa toka Tororo hata Nairobi, Kenya ikawa inanunua umeme wa mto Nile. Baada ya uhuru, nchi ikaugeukia mto Tana. Kituo cha Kindaruma kilianza kazi mwaka 1968; Kamburu kikafuata mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Katika hivyo vyote Gitaru ndicho kikubwa, nacho chaweza kutoa megawati 225. Mwaka ule ule wa 1981, huko Olkaria karibu na Naivasha, mashine ya kwanza ya kutumia mvuke wa ardhini ilianza kuzunguka, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika yetu ya Mashariki.

Vituo hivi vyote viliunganishwa kwa nyaya, na mkusanyiko huo wa nyaya na vituo ndio tunaouita gridi. Hapana shaka kwamba kuungana huko kulileta faida kubwa. Kituo kimoja kikipungukiwa, vingine humsaidia mwenzao. Lakini kila chama kina haki zake na wajibu wake. Waliounganishwa na gridi hugawana nguvu, na hugawana ugonjwa pia. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyo mbali: mwaka 1920 tumbili angeweza kuzima taa za mji mmoja, mwaka 2016 aliweza kuzima taa za nchi.

Sasa yafaa tuangalie tabia ya umeme wenyewe, maana bila kuijua hutaelewa yaliyotokea. Mahindi yaweza kuwekwa ghalani, maji yaweza kuwekwa tangini, lakini umeme wa gridi hutumiwa karibu papo hapo unapofanywa. Ukiwasha taa chumbani mwako, mashine fulani mahali fulani lazima iongeze bidii wakati uo huo. Katika Kenya mkondo wa umeme huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, na mashine zote za gridi huzunguka kwa kufuatana na hesabu hiyo, kama wapiga makasia wa jahazi moja wanaofuata ngoma moja. Mpiga kasia mmoja akianguka majini, mzigo wake huwaangukia wenzake, na mwendo hupungua. Ikiwa wenzake wana nguvu ya akiba, watakaza mikono na mwendo utarudi. Ikiwa walikuwa wamekwisha kutumia nguvu zao zote, wa pili ataanguka, na wa tatu, mpaka jahazi lisimame.

Zaidi ya hayo, kila mashine imewekewa mlinzi, yaani kifaa cha kuizima yenyewe inapoona mzigo umepita kiasi au mwendo umepungua mno. Mlinzi huyo ni wa lazima, kwa sababu mashine isiyojizima wakati wa hatari huweza kuungua, na kuitengeneza ni kazi ya miezi. Lakini angalia jambo hili la ajabu: kila mashine ikijiokoa nafsi yake, gridi nzima hufa. Hapana mashine iliyofanya kosa siku ile ya Juni. Kila moja ilitii amri iliyopewa.

Wahandisi hugawanya kusimama kwa mashine katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kusimama kulikopangwa: mafundi huizima mashine kwa hiari yao, wakaifungua, wakaitazama, wakabadilisha vyuma vilivyolika, wakaifunga tena. Fungu la pili ni kusimama kwa ghafla, ambako hakuna aliyekupanga. Mashine njema hupimwa kwa uchache wa kusimama kwake kwa ghafla, wala si kwa ukubwa wake. Mashine ya megawati 100 isiyotegemewa huweza kuwa mzigo kuliko ya megawati 20 inayofanya kazi usiku na mchana.

Tufanye hesabu kidogo, nawe chukua kalamu. Mwaka una saa 8,760. Tuseme kuna mashine ambayo, ukijumlisha kusimama kwake kote kwa ghafla, hupotea saa 438 kwa mwaka. Hiyo ni sehemu 5 katika 100. Ukiwa na mashine moja tu, utakaa gizani saa hizo zote 438. Sasa weka mashine mbili, kila moja yatosha kwa kazi yako, na ubovu wa moja hauhusiani na ubovu wa nyingine. Saa ambazo zote mbili zitakuwa zimelala kwa wakati mmoja ni sehemu 5 katika 100 za sehemu 5 katika 100, yaani kama saa 22 kwa mwaka. Weka mashine tatu, na giza litakuwa kama saa 1 tu. Hii ndiyo siri ya akiba. Hapana aliyeunda mashine isiyoharibika. Lakini kwa mashine kadhaa zinazoharibika, mwanadamu aweza kutengeneza umeme usiokatika, au unaokatika kwa nadra sana.

Hesabu hiyo ni nzuri, lakini ina sharti moja ambalo nimelitaja upesi, na huenda limekupita. Nilisema kwamba ubovu wa moja hauhusiani na ubovu wa nyingine. Sharti hilo likivunjika, hesabu yote huanguka. Mashine tatu zilizo chini ya paa moja, zinazotumia nyaya zile zile, si mashine tatu mbele ya ajali iwezayo kuzigusa zote. Ni mashine moja yenye majina matatu. Gitaru hapakuwa na ukosefu wa mashine. Ubaya ni kwamba moja ilipoanguka iliwavuta wenzake, nao wakaivuta nchi, ambayo wakati ule mahitaji yake ya juu kabisa yalikuwa kadiri ya megawati 1,600 tu. Mtu aliyebeba debe la maji kichwani hawezi kupoteza ghafla sehemu kubwa ya nguvu za miguu yake asipepesuke.

Wala usidhani kwamba mambo haya huzipata nchi changa peke yake. Tarehe 9 Novemba 1965, saa 11 na dakika 16 za jioni, kifaa kidogo cha ulinzi katika kituo cha Sir Adam Beck, karibu na maporomoko ya Niagara nchini Kanada, kilikata waya mmoja mkuu wa umeme. Kifaa kile kilipimiwa kiasi chake mwaka 1963, na tangu hapo watu walikuwa wameongeza matumizi, lakini kipimo hakikubadilishwa. Waya haukuwa na ubovu wowote. Umeme wake ulipoingia katika nyaya nne zilizobaki, nazo zikaelemewa zikakatika, moja baada ya nyingine, kwa muda wa sekunde chache. Watu kama milioni 30 wa Kanada na Marekani waliingia gizani, na wengine walikaa hata saa 13. Katika mji wa New York watu kama laki 8 walikwama ndani ya magari ya moshi yapitayo chini ya ardhi.

Kuna habari moja ya usiku ule ambayo ningependa uikumbuke. Katika New York kulikuwa na mtambo mpya wa megawati 1,000, ambao wenyeji waliupa jina la Big Allis. Mtambo ule ulipojizima, gurudumu lake kubwa liliendelea kuzunguka kwa kasi yake, kama baiskeli inayoteremka mlima baada ya mwendeshaji kuacha kukanyaga. Katika hali hiyo vyuma vyahitaji mafuta ya kulainisha mpaka visimame. Lakini pampu za mafuta zilikuwa za umeme, na umeme haukuwapo. Beringi zikaharibika. Kiwanda cha umeme kiliumia kwa kukosa umeme! Tangu siku hiyo wahandisi wameshika funzo kwamba kituo cha umeme lazima kiwe na nguvu yake ya pembeni, ya kujilinda kikizima na ya kujiwasha kikiwa gizani. Na mwaka 1968 makampuni ya kule yaliunda baraza la pamoja la kuangalia uthabiti wa gridi.

Turudi kwetu. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, Kenya iliingia tena gizani, na safari hii sehemu nyingi zilikaa hivyo kwa saa nyingi, hata siku ya pili. Wakuu wa kampuni ya kusambaza umeme walisema kwamba kituo cha upepo cha Ziwa Turkana kilijiondoa kikiwa kinatoa kadiri ya megawati 270, na gridi ikashindwa kuvumilia pengo hilo. Wenye kituo wakajibu kwamba wao hawakuanza: msukumo wa umeme katika gridi ulipanda kupita kiasi, na mitambo yao ikajizima ili isiharibike. Hapo, msomaji, unaona kazi ya mwanahistoria ilivyo ngumu. Mambo yote yalipita kwa sekunde chache, mashahidi ni wenye dhamana, na kila mmoja asema ya mwenzake ndiyo yaliyotangulia. Dawa ni moja: vipimo vilivyoandikwa na saa isiyo na upande. Ndiyo maana vituo hukaa na vyombo vya kuandika kila jambo hata kwa sehemu ndogo za sekunde. Maana asiyeandika huhukumiwa kwa uvumi.

Usiku ule ule, katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, jenereta ya akiba ya baadhi ya majengo ya abiria ilikataa kuwaka. Wasafiri walikaa gizani na mizigo yao. Waziri wa uchukuzi aliomba radhi mbele ya watu, na mkuu wa mamlaka ya viwanja akaondolewa kazini. Mashine ya akiba ni kama askari wa zamu ya usiku: kazi yake yote ni kungoja, na kwa kuwa hungoja siku nyingi bila kuitwa, ni rahisi kusahauliwa. Mafuta yake huchacha, betri yake hufa, panya hula nyaya zake. Katika hesabu yetu ya juu iliandikwa kuwa mashine ya pili ipo. Lakini mashine isiyojaribiwa ipo kwa jina, na siku ya haja jina halitoi mwanga.

Tena iko hatari nyingine isiyoletwa na tumbili wala na kifaa kibovu. Vituo vitano nilivyovitaja, toka Masinga hata Kiambere, vyote vinakunywa maji ya mto mmoja. Mvua ilipokosekana, mwaka 2000 nchi ililazimika kugawiwa umeme kwa zamu. Na mwaka 2009 kituo cha Masinga kilifungwa kwa sababu ya uchache wa maji bwawani. Mashine zilikuwa nzima, mafundi walikuwa kazini, lakini mto haukuwa na cha kutoa. Ni sharti lile lile limevunjika kwa njia nyingine: nyumba nyingi zimeegemezwa juu ya nguzo moja. Kwa ajili hiyo si ajabu kwamba baadaye nchi iliongeza sana mvuke wa Olkaria, ambao haungoji mvua, na mwaka 2022 ikaanza kununua umeme wa Ethiopia kwa waya mrefu wa moja kwa moja. Mashine za kwanza za Olkaria, ndogo za megawati 15 kila moja, zilizunguka zaidi ya miaka 30. Hazikuwa na fahari ya bwawa kubwa, lakini zilitegemewa.

Basi, ikiwa dawa yajulikana, kwa nini taa huzimika bado? Jibu ni kwamba akiba ina bei. Mashine inayozunguka bila kazi, ikingoja mwenzake aanguke, inakula fedha kila siku, na watu wakitazama hesabu hudhani ni upotevu. Mwenye kiwanda hupenda umeme wa rahisi. Mama mwenye duka hulalamika bili ikipanda. Na mkuu wa kituo anayeomba ruhusa ya kuizima mashine kwa mwezi mmoja ili itengenezwe, huulizwa kwa nini aizime ilhali inafanya kazi. Akinyamaza, mwaka huu hapatatokea neno. Huenda mwaka ujao pia. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kituo cha umeme hujengwa gizani, na wanaolipia si wale waliokataa kuziba ufa. Hulipa mgonjwa aliye katika chumba cha upasuaji, na mtoto njiti aliyewekwa katika kisanduku cha joto, na mwuza samaki ambaye asubuhi hukuta barafu imekuwa maji.

Nimekwambia habari za hesabu na za mashine, lakini nadhani umekwisha kuona kwamba jambo lenyewe ni la watu. Ni mtu aliyepima kifaa cha Niagara mwaka 1963 na mwingine aliyepaswa kukipima tena. Ni mtu aliyepaswa kuiwasha jenereta ya uwanja wa ndege kila juma, na mtu aliyepaswa kumwuliza kama ameiwasha. Huko Gitaru kulikuwa na ua wa umeme wa kuzuia wanyama, na baada ya ajali wenye kituo walisema watatazama njia za kuongeza ulinzi. Hilo ni jema, na lilipasa kufanywa. Lakini nchi inayojilinda na tumbili tu itaangushwa na kitu kingine: tawi la mti, radi, au msumari uliolegea.

Baadhi yenu mtakaosoma ukurasa huu mtakuwa wahandisi, na wengine mtakuwa watu wa kutia sahihi hesabu za fedha. Siku moja italetwa mezani kwako karatasi ya kuomba fedha za mashine ya akiba, au siku 20 za kuifungua mashine ambayo haijaharibika. Hapatakuwa na giza siku hiyo. Taa itakuwa inawaka vizuri juu ya meza yako. Kabla hujaikataa karatasi ile, mkumbuke tumbili wa Gitaru, ukajiulize ni nani atakayekaa gizani.